Kura kwa wenye hati: majibu kwa wasomaji

Juma lililopita msomaji mmoja alipendekeza kura zipigwe na wenye nyumba au kiwanja chenye hati peke yao. Maswali yamekuwa mengi; nimechukua haya.

Jambo hili liliwahi kufanyika kwetu? (Msomaji, Singida)

Ndiyo, na wapo wazee wanaolikumbuka. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959, ili uandikishwe ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa na serikali. Watu walizidi milioni 8. Waliojiandikisha walikuwa kama elfu 60. Juu ya hayo, kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Suala hilo liliitikisa TANU kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958: Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe waingie kwenye uchaguzi hivyo hivyo, Zuberi Mtemvu akajitoa na kuunda chama chake, ANC ya Tanganyika. TANU ilishinda, ila wakulima na wavuvi wengi mno walibaki nje.

Kenya nako, mwaka 1957, Mwafrika mwenye sifa kadhaa za mali, elimu au utumishi aliweza kupewa hadi kura tatu, na jirani yake asipate hata moja.

Mwenye mali ndiye mlipa kodi. Kwa nini asiamue yeye? (Msomaji, Arusha)

Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1897, na mwenye kibanda cha nyasi aliilipa. Asiye na fedha alitolewa jasho kwa kazi. Miaka 60 baadaye wajukuu zake, walipa kodi vilevile, wakaambiwa hawajafikia kiwango cha kupiga kura. Hata leo muuza mchicha hukatwa kodi kila anaponunua sabuni au vocha ya simu. Hoja ya kodi inampa kura yeye pia.

Baba yangu ana ekari kumi na ng'ombe, hana hati. Angehesabiwa? (Msomaji, Kahama)

Swali lako ndilo zito kuliko yote, kwa sababu linauliza nani anaamua mali ni nini.

Tazama koloni la Cape, Afrika Kusini. Kuanzia 1853 mwanamume wa rangi yoyote aliyekalia mali ya pauni 25 aliweza kuandikishwa. Wakulima Waafrika wakaongezeka kwenye daftari, na wanasiasa wa Kizungu wakaingiwa na hofu. Mwaka 1887 bunge likapitisha sheria kwamba ardhi inayomilikiwa kwa pamoja kimila haihesabiwi. Shamba lilikuwa lilelile, mkulima yuleyule, lakini jina lake likafutwa. Mwaka 1892 kiwango kikapandishwa hadi pauni 75, tena mpiga kura aweze kuandika jina, anwani na kazi yake. Mwaka 1936 Waafrika wakaondolewa kwenye daftari la pamoja.

Kila mara waliopandisha kizingiti walikuwa wamekwisha kuingia ndani. Sehemu kubwa ya ardhi ya vijiji vyetu inamilikiwa kimila, na wengi hawana karatasi. Baba yako angekaa akisubiri huruma ya mpimaji na ya diwani.

Na wanawake? (Msomaji, Tanga)

Wao ndio wangeumia kwanza, maana hati nyingi zina jina la mume. Uingereza ilipowapa wanawake kura mwaka 1918, iliwataka wawe na miaka 30 na wao au waume zao wawe na mali ya kiwango fulani. Usawa na wanaume ulikuja 1928.

Mbona kwenye kampuni mwenye hisa nyingi ana kura nyingi? (Msomaji, Mombasa)

Hisa unaweza kuziuza kesho ukaondoka na fedha zako. Nchi huuzi, sheria zake zinakufuata sokoni, hospitalini na mahakamani. Tena si kila biashara inaendeshwa hivyo: kwenye chama cha ushirika cha msingi, mwenye magunia mia ya kahawa na mwenye debe moja wana kura moja moja.