Siku 60 za Serikali na Tarehe Yangu Moja

Wiki hii mmetuuliza sisi wasomaji: serikali ikichelewa kuhuisha kibali cha mwenye bunduki, nani abebe hasara? Abebe aliyechelewa. Ningeishia hapo, ila huku ninakoishi, jimbo la Illinois nchini Marekani, sheria imeandikwa karibu hivyohivyo na bado anayeumia ni mwombaji.

Mimi ni Mkenya. Nalinda maghala usiku, magharibi mwa Chicago, na kazini nabeba bastola. Zamu yangu ya kuhuisha kibali ilipofika kadi ilirudi mapema, kwa hiyo siandiki kwa hasira. Naandika kwa sababu ratiba yetu ya kazi inapangwa kwa kufuata tarehe za kadi hizi, na nimeona zinavyoweza kumpunguzia mtu mshahara.

Illinois huruhusiwi kuwa na bunduki, wala hata risasi moja, bila kadi wanayoiita FOID, yaani kitambulisho cha mwenye silaha, ambayo hutolewa na Polisi wa Jimbo. Sheria yake ni ya mwaka 1968. Ada ni dola 10 na kadi hudumu miaka 10. Mtu aliyezoea mambo ya Kenya, ambako cheti cha silaha huhuishwa kila mwaka, na ambako Desemba 2018 Waziri Fred Matiang'i aliamuru raia wote wenye leseni wahakikiwe upya, ataona huku ni starehe tupu. Hata mkaazi wa kudumu ambaye hajawa raia anaweza kuiomba, ndiyo maana baadhi yetu tunayo. Mlinzi wa silaha huongezewa vibali vingine viwili juu yake, lakini FOID ikipoteza uhalali, hivyo vingine havina kazi.

Kuhusu muda, sheria haina utata. Ombi jipya lijibiwe ndani ya siku 30. La kuhuisha, ndani ya siku 60 za kazi. Tena kuna kifungu kizuri kabisa: ukiomba kabla kadi haijaisha muda, ile ya zamani inaendelea kuwa halali wakati ombi lako linashughulikiwa. Mwaka 2020 corona ikaingia, watu wakakimbilia kununua bunduki, maombi yakarundikana na majibu yakachukua miezi. Polisi wa Jimbo wakatoa kanuni za dharura za kurefusha uhalali wa kadi zilizokuwa zimekwisha muda. Kwa maandishi, basi, hakuna aliyetakiwa kupoteza chochote.

Shida ni kwamba kanuni ya dharura haikuchapishwa kwenye kadi. Kilichochapishwa ni tarehe. Mwenye duka la risasi anaishika kadi, anaigeuza, anasoma tarehe iliyopita, anakurudishia. Ana leseni yake ya biashara anayopaswa kuilinda, na hakuna sheria inayomlazimisha kuniuzia. Siwezi hata kumlaumu.

Kazini ni vivyo hivyo. Msimamizi wetu ni Mkongo wa Bukavu, mtu wa haki. Ukutani nyuma ya meza yake kuna karatasi yenye majina yetu na tarehe, na kalamu nyekundu imening'inizwa kwa uzi kando yake. Tarehe ikikaribia anazungushia jina lako duara. Ikipita, unatolewa kwenye lindo la silaha unapelekwa getini kuandika namba za malori, ambako malipo ya saa ni madogo. Nilimsikia akimjibu mzee mmoja aliyekuwa akimwonyesha kwenye simu kwamba ombi lake limepokelewa: "Ndugu yangu, mimi nakuamini. Kampuni ya bima ndiyo haikuamini." Mzee akachukua kizibao chake cha getini akaenda. Sheria ilikuwa upande wake, na tofauti ya mshahara ikatoka mfukoni mwake.

Hiki ndicho ninachotaka wasomaji wenzangu wakione. Muda uliowekwa kwa pande mbili lakini unaouma upande mmoja tu, kwa yule wa pili ni pendekezo. Mimi nikichelewa kuomba, adhabu yangu inajulikana. Ofisi ikipitisha siku zake 60, sana sana mtu ataambiwa aende mahakamani, na mlinzi wa getini hana wakili. Vyama vya wamiliki wa bunduki vilikwenda, mwaka 2020, katika mahakama ya shirikisho, kulalamikia ucheleweshaji huo.

Katika malalamiko yao kulikuwa na jambo la fedha ambalo halikusikika inavyostahili. Walidai kwamba mamilioni ya dola ya mifuko inayotokana na ada hizi yalihamishiwa matumizi mengine ya jimbo. Hilo naliachia mahakama. Mimi natazama tu jinsi sheria yenyewe ilivyokuwa ikigawa ile dola 10 kabla ya marekebisho ya 2021: dola 6 zilikwenda mfuko wa wanyamapori na samaki, dola 1 mfuko wa jumla wa huduma za polisi, na dola 3 ndizo zilizobaki kwa mfuko wa huduma za silaha. Yaani samaki walilipwa mara mbili ya ofisi iliyokuwa inangojewa na watu. Nawapenda samaki, lakini sikujua kama wanahuisha kadi.

Sasa kuna wasomaji watakaosema: afadhali wachelewe, bunduki si leseni ya kuuza mahindi. Naheshimu hoja hiyo, na mfano wake naujua kwa sababu ulitokea mji usio mbali na ninapofanya kazi. Februari 15, 2019, mfanyakazi aliyekuwa akiachishwa kazi katika kiwanda cha Henry Pratt mjini Aurora aliwapiga risasi na kuwaua wenzake watano. Alikuwa amepewa FOID mwaka 2014 ingawa aliwahi kuhukumiwa Mississippi miaka ya 1990 kwa shambulio kubwa. Rekodi hiyo ilijitokeza pale tu alipoomba kibali cha kubeba silaha iliyofichwa na kutoa alama za vidole. Kadi ikafutwa mwaka huohuo, akaandikiwa barua asalimishe bastola. Hakuisalimisha, na ilibaki naye kwa karibu miaka mitano.

Nisomapo kisa hicho sioni faida ya mwendo wa pole. Kadi ilitoka kwa mtu asiyestahili, kisha kazi ya kumfuata mtu huyo ikakosa wa kuifanya. Kumpa mtu jibu na kumnyang'anya mwingine silaha ni kazi za mfumo mmoja. Karani anayezama kwenye milundo ya watu waliokwisha kuchunguzwa zamani hana nafasi ya kumtafuta aliyefutiwa kadi na hajarudisha bunduki. Anayetaka udhibiti mkali anapaswa kuwa wa kwanza kulalamikia foleni.

Jimbo lilionekana kuelewa hivyo. Agosti 2, 2021 Gavana JB Pritzker alitia saini sheria iliyotenga fedha kwa ajili ya kufuatilia kadi zilizofutwa, ikaruhusu kadi ya FOID na kibali cha kubeba silaha viunganishwe, na ikaweka utaratibu kwamba anayekubali kutoa alama za vidole kadi yake ihuishwe yenyewe. Alama hizo ni hiari. Wapo wanaokataa wakisema serikali haina haja nazo. Kwa mlinzi hoja hiyo haina uzito, maana alama zetu zilichukuliwa tangu tulipoomba kibali cha ulinzi. Kwa mkulima wa kusini mwa jimbo anayewinda kulungu, namwelewa.

Mahakama ya Juu ya Marekani nayo iligusia jambo hili. Katika hukumu ya Juni 2022 ya kesi ya Bruen, iliyohusu haki ya kubeba bunduki hadharani, kwenye tanbihi ya tisa, majaji waliacha mlango wazi kwa watu kupinga utaratibu wa vibali ikiwa ngojangoja ndefu au ada kubwa mno zinawanyima wananchi haki yao. Ni tanbihi tu. Muda gani ni mrefu mno, hawakusema.

Mimi ningeanza na dogo kuliko katiba. Siku ya sitini na moja, mtambo wa ofisi umtumie mwombaji barua yenye tarehe mpya, picha yake na namba ya kuhakiki, na sheria itamke kwamba mwenye duka, mwajiri na kampuni ya bima wakiipokea wamekingwa. Na ada ya mwombaji huyo irudishwe. Dola 10 hazimtajirishi mtu, lakini ofisi itakayolazimika kurudisha dola 10 mara elfu kadhaa itapata sababu ya kuajiri karani.