Mwalimu aliyeniuliza hasira ina rangi gani

Ndugu uliyeuliza, umesema unamaliza kidato cha sita, unatamani kusomea tabia za wanyama, na ungependa kujua kama kweli walimu humfikisha mtu kwenye fani hiyo au ni mapenzi yake tu. Nitakujibu kwa yaliyonipata mimi mwenyewe.

Nilipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa biolojia alimpa kila mmoja daftari, akatutaka tukae nusu saa kila jioni karibu na mti wa nyuma ya bweni ambao minana, wale ndege wasukao viota kwa majani, walikuwa wameujaza viota. Siku ya tatu niliandika kwa fahari kwamba dume mmoja, baada ya kukataliwa na majike, alikasirika akakibomoa kiota chake. Daftari lilirudi na mstari mwekundu chini ya neno "alikasirika", na pembeni swali: "Hasira hiyo uliionaje? Ina rangi gani?" Darasa zima lilicheka, nami nikanuna hadi usiku. Hata hivyo, jioni iliyofuata nilianza kuhesabu: majike wangapi waliingia, walikaa kwa muda gani, majani yalikuwa mabichi au makavu. Ndipo nilipogundua kwamba viota vilivyobomolewa ni vile vilivyokwisha kukauka na kugeuka rangi ya udongo, na kwamba dume alianza palepale kusuka kingine kwa majani mabichi, ambacho majike walikuja kukikagua.

Miaka kadhaa baadaye, mhadhiri alipotusimulia habari za Jane Goodall, Mwingereza aliyechunguza sokwe, niliutambua wino uleule. Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, alimpeleka Gombe, magharibi mwa Tanzania, mwaka 1960 akiwa hana shahada yoyote, kwa kuwa alitaka mtu ambaye kichwa chake hakijajazwa nadharia. Baadaye, akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Goodall alipoandika kwamba sokwe mdogo aitwaye Fifi aliona wivu, msimamizi wake Robert Hinde alimwambia kuwa hawezi kuuthibitisha wivu huo, akamshauri aandike kwamba Fifi alitenda kwa namna ambayo, kama angekuwa mtoto wa binadamu, tungesema ana wivu. Watu humsifu zaidi Leakey, na ni haki yake. Mimi naona walimu wa aina ya Hinde ni wachache zaidi, na hushukuriwa kwa kuchelewa.

Mhadhiri huyohuyo alitupeleka hifadhi ya Mikumi kuangalia nyani, akatufundisha utaratibu ulioelezwa mwaka 1974 na Jeanne Altmann, mtafiti wa nyani wa Amboseli, Kenya: chagua mnyama mmoja, mfuate kwa dakika ulizopanga, uandike kila atendalo hata kama amelala. Mimi nilipangiwa jike mzee aliyejikuna na kutafuna mbegu kwa dakika kumi nzima, huku nyuma yangu madume yakipigana kwa makelele, nami nimekatazwa kugeuka.

Nilimpata pia mwalimu aliyeniambia kuwa kutazama wanyama ni kazi ya wageni wenye fedha, na nilipoteza mwaka mzima nikimwamini. Simtaji.

Kwa hiyo ukifika chuoni, andika ukurasa mmoja wa uliyoyaona kwa macho yako, hata kama ni ya kuku wa nyumbani, umpelekee mwalimu unayemfikiria. Akikuuliza umejuaje, mng'ang'anie huyo. Akisahihisha tahajia peke yake, mshukuru kwa adabu, kisha endelea kutafuta.