Maswali na Majibu: Seti Ipi ya Magari ya Sloti Itatufaa Nyumbani?

SWALI: Salaam aleikum fundi. Ninaishi Leicester na wanangu wawili, binti wa miaka 11 na mdogo wake wa miaka 6. Wikendi mjomba wao huja na mwanawe, kwa hiyo tunakuwa na madereva wanne. Watoto wanataka yale magari madogo ya umeme yanayokimbia kwenye njia yenye mfereji. Kila nikitafuta nazidi kuchanganyikiwa: Scalextric, Carrera GO!!!, Carrera Evolution, Digital 132, mara 1:32, mara 1:43. Jirani ananiuzia sanduku la mtumba la Scalextric kwa bei ya kutupa. Sebule yangu, nikisogeza meza, inabaki na nafasi ya mita 2.5 kwa 1.5, na chini ni zulia. La mwisho: mwakani, inshallah, tunarudi Mombasa kuishi, na sitaki kununua kitu ambacho nitakiacha nyuma. Ninunue ipi? Mama N.

JIBU: Waalaikum salaam, Mama N. Nakupa jibu kwanza, maelezo yatafuata. Nunua Carrera Evolution, ya analogi, skeli ya 1:32, na utafute boksi lenye njia ya umbo la nane. Sanduku la jirani usilikatae kabla ya kulikagua, ila lisiwe ndio msingi wa mchezo wenu.

Watu wengi huchagua seti kwa kutazama gari lililochorwa juu ya boksi. Binti anaona Ferrari nyekundu, mama anatoa pesa, basi. Lakini gari ni kitu cha kubadilisha. Utakachoishi nacho miaka na miaka ni njia. Vipande vya Scalextric haviungani na vya Carrera, wala vya Carrera GO!!! haviungani na vya Evolution ingawa kampuni ni moja. Magari, kwa upande mwingine, yanaazimana: gari la Scalextric la analogi la 1:32 ukiliweka juu ya njia ya Evolution litakimbia, na likikwama huwa ni suala la kurekebisha tu ulimi wake wa mbele, ule unaoingia mferejini. Kwa hiyo siku unapolipia seti ya kwanza, unachagua familia ya njia ambayo utaiongezea vipande siku zote.

Kuhusu hizo namba: ni ukubwa wa kigari ukilinganisha na gari halisi. Gari la barabarani lenye urefu wa mita 4.5 linakuwa na sentimita 14 katika 1:32, kama 10 na nusu katika 1:43, na 7 katika 1:64. Kigari cha sentimita 14 kinajaa kiganja cha mtoto, na huyo mdogo wa miaka 6 ataweza kukirudisha mferejini mwenyewe bila kumwita mtu kila dakika. Cha 1:64 ni kizuri sana penye nafasi finyu, lakini ulimi wake ni mdogo na unahitaji vidole vyepesi.

Najua GO!!! ya 1:43 inavutia, hasa yale maboksi yenye kitanzi ambamo gari linapinduka juu chini. Boksi la kwanza nililomnunulia mwanangu lilikuwa na kitanzi. Siku tatu za kwanza nyumba nzima ilikuwa kelele na vicheko. Wiki ya pili hakuna aliyeligusa. Nilikaa nikalitazama nikaelewa kwa nini: kitanzini lazima ubane kontrola mpaka mwisho, la sivyo gari linaanguka. Mtoto hajifunzi kuachia. Na utamu wote wa mchezo huu uko katika kuachia: kujua ni wapi kabla ya kona utoe kidole, na ni wapi ukirudishe. Hapo ndipo mtu anamshinda mwenzake.

Sasa twende kwenye nafasi yako, maana hiyo ndiyo inayoamua mengi. Kabla ya kununua chochote, chukua utepe wa gundi wa karatasi, ule wanaotumia wapaka rangi, uubandike juu ya zulia kwa umbo la njia unayoifikiria. Kona nyembamba ya Carrera, wanayoiita kona ya 1, ikigeuka nusu duara inakula upana wa karibu sentimita 79. Kona ya 2 inakula karibu 119. Ya Scalextric ya kawaida, Radius 2, inakula karibu 90. Wewe una sentimita 150, kwa hiyo upande mmoja unaweza kuweka kona ya 2 kwa raha na bado mtu akapata pa kupiga magoti. Upande wa pili weka kona ya 1. Njia yenye kona moja pana na moja ya kubana inamlazimisha dereva kufikiri mara mbili kila mzunguko.

Usishawishiwe na boksi linalojisifu kwa mita nyingi za njia huku kona zake zote ni za kubana. Kasi ambayo gari linaweza kupinda nayo bila kuchomoka inategemea upana wa kona: ukiongeza nusu kipenyo mara mbili, kasi inapanda karibu mara 1.4. Kona pana zinafanya hata njia fupi ikimbilike. Kona za kubana zinageuza njia ndefu kuwa kazi ya kufunga breki.

Kuna jambo ambalo boksi halitakwambia, nalo ndilo chanzo cha ugomvi wa ndugu katika nyumba nyingi. Kwenye njia ya duara la kawaida, leni ya nje ni ndefu kuliko ya ndani, na tofauti hiyo haipungui hata ukirefusha njia. Katika Carrera, mifereji miwili imeachana karibu sentimita 10, kwa hiyo wa nje anakimbia karibu sentimita 62 zaidi kila mzunguko. Katika Scalextric imeachana milimita 78, tofauti ni kama sentimita 49. Ni kweli kwamba wa nje anapata kona pana kidogo, lakini mtoto wa miaka 6 aliyeshindwa mara tano mfululizo hatakusikiliza ukimweleza hilo. Umbo la nane linamaliza kesi: leni iliyokuwa nje upande huu inakuwa ndani upande ule, na mwisho wa mzunguko wote wamekimbia sawa. Ndiyo sababu nimekwambia utafute la nane.

Analogi au dijitali? Katika analogi kila mfereji una umeme wake na kontrola yake, kwa hiyo wanakimbia wawili tu. Katika Carrera Digital 132 kila gari lina chipu, mnaweza kukimbia hadi magari sita kwenye njia hiyohiyo ya leni mbili, na ukibonyeza kitufe gari linahama leni penye kipande maalumu. Ni raha kubwa, sikufichi. Lakini kwa mtoto wa miaka 6, magari manne yakigongana na kuzibiana ni fujo tupu, na kila kitu ni ghali zaidi, kuanzia gari lenyewe. Anzeni na analogi. Wawili wanakimbia, wawili wanasimama kwenye kona kuokota magari yaliyochomoka na kuyarudisha, halafu mnabadilishana. Hata klabu za watu wazima zinafanya hivyo, na waokotaji hutazamwa kwa macho makali, kwa sababu mwokotaji mzembe anampotezea mtu ushindi. Mpe mdogo kazi hiyo kwa heshima yake, utaona anavyoishika.

Uzuri ni kwamba vipande vya njia vya Evolution ndivyo hivyohivyo vya Digital 132. Wakikua, unabadilisha kipande cha kuingizia umeme na kontrola, unaongeza vipande vya kuhamia leni, na magari yenye chipu. Njia yote inabaki. Ila siku hiyo ikifika, magari ya analogi yasiwekwe kwenye njia ya dijitali, yanaweza kuharibika.

Hapo Scalextric nayo ingekufaa, wala simuungi mkono mjuzi yeyote anayeidharau. Ilianza 1957 huko Uingereza, Fred Francis alipoyatia mota ya umeme magari yake ya springi, na kona yake ya Radius 2 inakaa vizuri zaidi kwenye vyumba vya nyumba za huko. Kama ungeniambia unabaki Leicester, ningekuachia uchague kwa moyo wako. Kilichonifanya niende upande wa Carrera ni Mombasa.

Vyuma viwili vilivyo kando ya mfereji ndivyo vinavyopeleka umeme kwenye gari, na hewa ya pwani yenye chumvi ni adui yao. Vya Carrera ni chuma kisichoshika kutu. Vya Scalextric vikiachwa penye unyevu hupata madoadoa, na doa dogo tu linatosha kumfanya mtu aone gari lake linakohoa palepale kila mzunguko. Mengine ya safari ni mepesi: plagi ya Uingereza ya miguu mitatu ndiyo ya Kenya, na umeme ni karibu uleule, volti 230 hadi 240, kwa hiyo adapta yako utaichomeka ukutani bila kununua kitu. Anayeletewa seti kutoka Marekani ndiye wa kuwa mwangalifu, asome maandishi ya adapta: ikiandikwa 120V tu, isiguse ukuta wa Mombasa. Kipande kilichonyooka cha Carrera kina sentimita 34.5, kinaingia kwenye sanduku la safari bila taabu.

Sasa lile sanduku la jirani. Nenda na kitambaa cheupe. Toa vipande, pitisha kidole juu ya vyuma: vikiwa laini na kitambaa kikitoka na weusi mwepesi, huo ni uchafu wa kawaida na unaondoka kwa spiriti. Ukihisi ukwaru kama msasa, ni kutu. Kutu kidogo unaitoa kwa kifutio kigumu cha penseli, wala usitumie waya wa kusugulia sufuria, nyuzi zake zitanaswa na sumaku za magari na kuingia kwenye mota. Tazama pia ncha za vipande. Njia ya zamani ya Scalextric haiungani moja kwa moja na ya sasa, inahitaji kipande maalumu cha kuunganishia. Halafu geuza magari yote chini juu. Mimi huangalia magari kuliko njia: kama mota zinazunguka na tairi hazijapasuka, lipa, chukua magari uyatumie kwenye Evolution yako, njia umpe mtu mwingine.

Zulia linanitia wasiwasi kuliko ulivyodhani. Gari linafagia karibu na sakafu, na nyuzi za zulia zinajizungusha kwenye ekseli ya nyuma mpaka gia zinakaza. Nimefungua magari mengi yaliyodhaniwa yameungua, nikakuta shungi la nyuzi za kijivu tu, nikalitoa kwa kibanio na gari likaondoka kama jipya. Ukipata ubao wa MDF wa futi 8 kwa 4, yaani mita 2.44 kwa 1.22, unakaa barabara kwenye nafasi yako, na ile kona ya 2 inaingia juu yake ikibakisha kama sentimita moja na nusu kila upande. Usiupake chochote. Ukimaliza, usimamishe nyuma ya sofa. Kabla ya kila mashindano, bandika ule utepe wa karatasi, upande wa gundi ukiwa juu, zungusha tairi za nyuma juu yake mpaka ziache vumbi, na uchambue zile brashi mbili za nyuzi za shaba zilizo chini ya pua zilale bapa. Dakika moja kwa gari, na tofauti utaisikia kwa masikio.

Nimebakisha sumaku. Magari haya yana sumaku tumboni inayovutwa na vyuma vya njia, ndiyo inayoyabana chini kwenye kona. Kwa mdogo, iache. Kwa binti yako, baada ya miezi michache, fungua gari lake uitoe. Atakasirika siku ya kwanza, kwa sababu gari litachomoka kila kona. Siku ya pili ataanza kuingia kona polepole, na utaona kitako cha gari kinateleza kidogo nje huku pua imeshikilia mfereji, kama gari la rali kwenye tope. Hapo upana wa leni za Carrera unasaidia, kitako hakimgongi jirani.

Lakini hizo sumaku ulizotoa, Mama N., zitie kwenye kopo lenye kifuniko uziweke juu ambako mdogo hafiki. Magari ya Carrera mara nyingi huwa nazo mbili, na mtoto akimeza mbili zinaweza kuvutana ndani ya utumbo na kuutoboa. Ukiona moja haipo na una shaka ameimeza, usisubiri aumwe, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.