Je, droni huona ugonjwa wa mizabibu?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina ekari 3 za zabibu mkoani Dodoma. Je, ni kweli kwamba droni hugundua ugonjwa kabla ya macho ya mkulima?

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli kwa kiasi. Jani lenye afya huakisi kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni, na linapodhoofika mwakisiko huo hupungua. Kamera maalumu ya droni huipima tofauti hiyo, kisha programu ya kompyuta huchora ramani inayoonyesha sehemu dhaifu za shamba. Ramani hiyo, hata hivyo, haisemi chanzo cha udhaifu huo, kwa kuwa kiu ya maji na upungufu wa naitrojeni huweza kuonekana kwa rangi ileile. Ubwiri vinyoya, ugonjwa wa kuvu wa mizabibu, nao huota ukungu wake chini ya jani, mahali ambapo kamera iliyo juu haifiki, hivyo ni lazima uende mwenyewe ukaligeuze jani. Magugu yaliyo katikati ya mistari pia hupotosha vipimo yasipotenganishwa na mizabibu.

Kwa ekari 3, ambazo mtu huzikagua kwa miguu asubuhi moja, nisingekushauri ununue droni. Kodisheni pamoja na majirani, kutoka kwa mrushaji mwenye kibali.