Anayekusainia fomu asikulaze: jibu kwa mdogo wangu anayetaka kuhamia kwa msimamizi wake Uyole

Mdogo wangu, usihamishe begi. Nimesoma uzi wako na komenti zote zilizo chini yake, na nimeshindwa kunyamaza.

Kwa wanaoingia sasa: binti yuko mwaka wa tatu ustawi wa jamii, kapangiwa fildi (mafunzo kwa vitendo) ya wiki kumi Mbeya. Wenye nyumba wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, hana. Msimamizi wake kazini kamwambia ana chumba cha nyuma nyumbani kwake Uyole, bure, "wewe ni kama binti yangu". Anauliza mambo mawili: ahamie au la, na afanye nini na debe la viazi aliloletewa ofisini na bibi mmoja wa Isyesye ambaye kesi yake iko mezani.

Jibu la kwanza ni hapana. Anayekusainia fomu asikulaze. Yaani anayekupa alama za fildi asiwe ndiye anayekupa mahali pa kulala. Kanuni hiyo niliijua nikiwa nimeshachelewa, na gharama yake sitaisimulia hapa. Wewe bado una muda.

Wachangiaji wanaokuambia "hiyo ni nyota ya jaha, wenzako wanabanana wanne chumba kimoja" hawana kosa kubwa, wengi wao si watu wa fani. Wanaonikera ni wa fani. Nasaha hiyohiyo nilipewa na watu wenye shahada za ustawi wa jamii, waliofundisha somo la maadili kwa slaidi, wakatunga mtihani, wakasahihisha. Siku mwanafunzi alipowaletea swali la kweli, lenye kitanda na kodi ndani yake, walimjibu kama madalali wa vyumba. Walijua kinachoweza kutokea. Walinyamaza kwa sababu kutafuta malazi ya wanafunzi ni usumbufu, na msimamizi anayejitolea chumba anawapunguzia kazi.

Sasa nikuonyeshe linavyoharibika, maana hakuna aliyekuonyesha.

Chukua kesi ya matunzo ya mtoto, utaikuta wiki ya kwanza tu. Mama analeta malalamiko kwamba baba hatoi matunzo. Ofisi inaita pande zote mbili, usuluhishi unashindikana, shauri linakwenda mahakamani. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mahakama inaweza kumtaka afisa ustawi wa jamii alete ripoti ya uchunguzi wa kijamii. Anayetumwa mtaani ni wewe wa fildi. Unakwenda kwa mama, unaangalia mtoto analala wapi, unauliza anakula mara ngapi, unapita kwa mwenyekiti wa mtaa, unarudi na rasimu. Msimamizi anasahihisha, anasaini.

Ila tuseme baba wa mtoto yumo kwenye kikoba (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana) kimoja na mke wa msimamizi, na kikoba kinakaa kila Jumapili mchana sebuleni mnapoishi. Wewe ndiye uliyewapelekea chai. Ulimwona kwa macho yako akinunua hisa tano, noti mpya, anacheka. Jumanne unaandika aya ya kipato cha baba, na mbele yako kuna maelezo yake kwamba hana kazi, anabangaiza. Kalamu inasimama. Ukiandika ulichokiona, umetumia siri ya nyumba iliyokupokea, na taarifa hiyo hukuipata kwa utaratibu wowote wa uchunguzi. Usipoandika, umemficha mtoto jambo linalomhusu. Utaandika sentensi ya katikati, ya "kipato chake hakikuweza kuthibitishwa", na msimamizi ataipitisha haraka kuliko alivyopitisha sentensi yoyote ya kwako, kwa sababu naye amemwona mtu huyohuyo sebuleni kwake.

Hakuna aliyekula rushwa hapo. Hakuna hata aliyekubaliana na mwenzake kudanganya. Halafu siku ya shauri upande wa mama unauliza swali moja tu: aliyeandika ripoti anaishi kwa nani? Ripoti inakosa nguvu palepale. Uchunguzi unaweza kuanza upya na afisa mwingine, tarehe inasogea, na kila wiki inayosogea ni wiki ambayo mtoto hapati chochote. Wewe utasahau, utarudi chuo kumalizia mwaka. Mtoto ndiye aliyelipa kodi ya chumba chako. Hilo ndilo ninalotaka ulione kabla ya kuona ubure wa chumba.

Usimamizi ulipaswa kukuokoa hapo. Unatakiwa uwe na mtu wa kumwambia, "Baba, kuna jambo limenifunga mikono kwenye hii kesi." Alfred Kadushin, Mmarekani aliyeandika sana juu ya usimamizi katika fani yetu, aliugawa katika kazi tatu: kusimamia utendaji, kufundisha, na kumtegemeza mfanyakazi asielemewe. Chumba cha bure kinazimeza zote tatu. Utendaji unageuka kuwa kazi za nyumbani: asubuhi unampeleka mtoto wao shule, unafika ofisini saa tatu, na msimamizi hawezi kukukaripia kwa kuchelewa alikokusababisha yeye. Kufundisha kunahamia mezani. Kutegemezwa kunageuka deni, na mwenye deni hamwambii mdai wake kwamba amekosea. Utaficha kosa dogo la wiki ya pili mpaka liwe kubwa la wiki ya saba.

Hilo la mezani wengi wanalichukulia poa. Saa moja ya usimamizi kwa wiki, ambayo ilitakiwa iwe ofisini, na faili mbele yenu, kesi zikitajwa kwa namba, mwishoni mnaandika mlichokubaliana na kusaini wote wawili, inakuwa "tutaongea jioni". Jioni kuna ugali, kuna mke, kuna kijana wa kidato cha pili anayejifanya anaangalia simu. Mnamtaja mama fulani, mtaa fulani, anayetumia dawa za VVU. Kumbuka uko wapi. Utafiti wa VVU wa 2022–2023 uliikuta Njombe na asilimia 12.7 ya watu wazima wanaoishi na VVU, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, mikoa mitatu iliyokuwa juu kuliko yote nchini. Mafaili mengi utakayoshika yana habari za dawa ndani yake. Jina likidondoka mezani Uyole jioni, kesho liko darasani, na mtoto wa yule mama anasoma darasa hilohilo. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa za afya za mtu ni miongoni mwa zile nyeti. Sheria hiyo haina kipengele cha "tulikuwa tunakula".

Alama nazo. Vyombo visipooshwa Jumamosi, Jumatatu mtu amenuna, na kwenye fomu ya tathmini kuna kisanduku cha "nidhamu na uhusiano kazini". Utapewa alama ya sahani. Au kinyume chake, utapewa alama nzuri kwa kuwa unapika vizuri, utaingia kazini hujui kuandika mpango wa kesi.

Kuna lingine ambalo kwenye komenti watu wamelizunguka. Nalisema waziwazi. Binti analala nyumba ya mtu mwenye mamlaka juu ya shahada yake, mlango wa chumba cha nyuma unafungwa kwa komeo la kukaza na msumari. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inamfanya mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe huduma au upendeleo kuwa mhalifu, na namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Simtuhumu msimamizi wako, simjui, huenda ni mzee mwema kweli. Lakini mzee mwema anayekulaza naye anabaki bila ulinzi siku jirani akianza maneno. Mkiwa na mpaka, mnalindwa wote wawili.

Mchangiaji mmoja amesema haya ni mambo ya Wazungu, sisi tunaishi kwa undugu. Kanuni za maadili za NASW, chama cha wanafani wa Marekani, hazikatazi kila uhusiano wa pili, yaani ule unaoongezeka nje ya ule wa kazi. Zinakataza ule wenye hatari ya kumnyonya au kumdhuru mtu, zinamtaja pia msimamizi na anayesimamiwa, na zinakubali kwamba mahali pengine uhusiano wa namna hiyo haukwepeki, ila zinamtaka mtaalamu aweke mpaka ulio wazi unaoheshimu utamaduni wa watu. Na hata bila hao, sisi wa huku tunalijua jambo hili. Msibani nani anaachiwa kusema lile ambalo wana ukoo wanashindwa kulisema? Mtani. Anasema kwa sababu hadai urithi, na kesho hatakula kwenye sahani ya wafiwa. Wazee walijua kwamba anayekula pamoja nawe ulimi wake mzito.

Tofautisha pia. Mbeya ni mji mkubwa lakini mitaa yake ni midogo. Utakutana na mteja Mwanjelwa mmeinamia fungu moja la nyanya, utamkuta kwaya, utapanda naye daladala ya Uyole. Hayo yanakuja yenyewe, hukuyachagua. Muache mteja akusalimie kwanza, ukimsalimia wewe waliokaa naye watauliza mnajuana wapi, na usizungumze kesi njiani hata akianza yeye: "Mama, njoo ofisini Jumatano, tutakaa vizuri." Chumba unakichagua, tena kwa wiki kumi.

Sasa ya kufanya. Kesho asubuhi mwendee msimamizi ofisini, usimtumie ujumbe wa WhatsApp, ni dharau. Mwambie hivi: "Shikamoo baba. Nimeshukuru sana, na mama mfikishie shukrani zangu. Nimeona nitafute chumba, ili uwe huru kunikaripia kazini na kunipa alama ninazostahili." Usimtafutie uongo wa "chuo kimekataza" kama hakijakataza, akipiga simu chuoni umeharibu. Mtu mzima akisikia maneno hayo kwa heshima hakasiriki. Akikasirika, umeshajua ulichotaka kujua.

Chumba tafuta na mwanafunzi mwenzako wa fildi, hata wa kozi nyingine, kodi mgawane, na mweleze mwenye nyumba mapema kwamba ni wiki kumi. Wapo wanaokubali mwezi mwezi wakiona wapangaji wamekuja na barua ya chuo. Ulizia hosteli za parokia na za usharika. Ndugu wa mbali asiyefanya kazi ofisi hiyo anafaa. Hata mtumishi wa idara nyingine anafaa, mradi hakusimamii na hasaini chochote chako.

Ukikosa kabisa, yaani kabisa, kitanda kingine chochote Mbeya nzima, basi badilisha sahihi. Kitanda au sahihi, kimoja lazima kibadilike. Andika barua kwa mratibu wa mafunzo kwa vitendo wa chuo kabla hujalala usiku wa kwanza, mistari minne inatosha: kwamba kuanzia tarehe fulani utaishi nyumbani kwa msimamizi wako kwa kukosa malazi, kwamba unaomba usimamizi na tathmini yako vifanywe na afisa mwingine, awe wa ofisi hiyo au wa ustawi wa jamii hospitali, kwamba hutashika kesi ya mtu yeyote anayeingia nyumba hiyo, na kwamba nakala umempa msimamizi mwenyewe. Hiyo ya tatu iheshimu. Ukiona sura ya mteja uliyewahi kumpelekea chai, simama palepale kabla ya mahojiano ya kwanza, mkabidhi mwingine faili, andika ndani ya faili tarehe na sababu: "Afisa anafahamiana na mhusika nje ya kazi." Maneno hayo saba, yakiandikwa siku hiyohiyo, yanaokoa ripoti. Yakiandikwa baada ya mtu kulalamika, yanasomeka kama utetezi.

Na usihamie kwanza halafu ndiyo uandike. Ukishalala siku tatu barua inakuwa nzito, kwa sababu sasa unamwandikia mtu ambaye asubuhi kakuchemshia maji ya kuoga.

Viazi vya bibi mshukuru, ila debe zima rudisha, mwambie kazi yake inafanyika hata asipoleta kitu, na andika kwenye faili kwamba alileta na ukarudisha. La muhimu visiingie jikoni Uyole. Vikishapikwa kwa msimamizi, hakuna atakayeweza kusema vililiwa na nani.

Barua ya mratibu peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo, ipige na picha. Ukitoka hapo anzia Soweto na Mafiati kuulizia vyumba, ukipata Uyole kwenyewe lakini nyumba nyingine ni sawa tu. Na kama fildi yako ni mwezi wa saba, hela ya kwanza nunua blanketi zito la mtumba Mwanjelwa kabla ya godoro. Baridi ya Uyole ya alfajiri isikurudishe kwenye kile chumba cha nyuma. Ukikwama kwa mratibu, niandikie kwenye uzi huuhuu, nitakusaidia kuipanga hiyo barua neno kwa neno.