Ondeh-ondeh zinapasuka sufuriani

Pole dada. Umesema ondeh-ondeh zako, vile vidonge vya unga wa mchele wa kunata vyenye sukari ndani, hupasuka zikichemka, sukari yote ikabaki majini. Mara nyingi chanzo ni donge kavu. Ukande unga wa mchele wa kunata kwa maji ya pandani (majani ya kunukia) yenye uvuguvugu hadi uwe laini kama ndewe ya sikio. Ukiona nyufa unapoviringa, ongeza maji kidogo. Donge lililobaki lifunike kwa kitambaa kibichi, maana hukauka upesi mno. Gula melaka, yaani sukari ya mnazi ya kujaza ndani, ikatekate ndogondogo, kwani ncha za mabonge hutoboa donge. Maji yachemke taratibu. Zikielea, ziache kama dakika moja, ndipo uzigaragaze kwenye nazi iliyokunwa na kupikwa kwa mvuke na chumvi kidogo, isichache haraka.

Zipoe kwanza: sukari ya ndani huunguza ulimi. Watoto wadogo wakatie vipande, zinaweza kuwakaba.