Tiba ya jeni ya siko seli: kabla hujauza kiwanja

Mleta uzi, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama uuze kiwanja umpeleke binti yako wa miaka 9 nje akapate tiba ya jeni ya siko seli. Mimi nina kijana wa miaka 16 mwenye ugonjwa huohuo na nilishamuuliza daktari wake swali hilohilo.

Dawa zipo kweli, si utapeli. Casgevy na Lyfgenia ziliidhinishwa Marekani Desemba 2023, kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 12. Bei iliyotangazwa ni dola milioni 2.2 kwa ya kwanza, milioni 3.1 kwa ya pili, na hapo hujalipia kitanda. Uza kiwanja, uza nyumba, chagisha ukoo mzima, bado.

Halafu si sindano ya kuchomwa ukaondoka. Wanavuna seli shina (zile seli mama zinazozalisha damu) kwenye damu ya mgonjwa, wanazipeleka maabara zikarekebishwe jeni, miezi inapita. Zikirudi, anapigwa kwanza kemo kali, dawa kama za saratani, ya kufagia uloto wa zamani, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, ndipo arudishiwe zake. Analazwa wiki kadhaa kinga ikiwa chini kabisa. Kemo hiyo inaweza pia kumfanya asizae. Hapo ndipo kijana wangu, aliyekuwa anachezea simu, aliiweka mfukoni akaanza kusikiliza.

Kinachonikera ni hiki. Marekani siko seli inahesabiwa ugonjwa adimu, wagonjwa kama 100,000. Tanzania peke yake wanazaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Lakini wanaoweza kukaa na kampuni wakajadili bei ni haohao wenye fedha: Uingereza ilipoikubali Casgevy kwa siko seli Januari 2025 ilikuwa imeshapatana bei, na Marekani serikali imeingia makubaliano ya kurudishiwa sehemu ya fedha dawa isipofanya kazi. Kwa niaba yetu alikaa nani?

Ila tusidanganyane, hata ikiletwa bure kesho, vitanda vya kuhudumia watu kwa namna hiyo ni vya kuhesabu. Ndiyo maana mimi kelele zangu nyingi nazipigia haidroksiyurea, dawa ya kumeza ya siko seli. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda ulionyesha watoto wanaoitumia wanapungukiwa maumivu, kuongezewa damu, malaria, hata vifo. Kijana wangu tangu aanze kuitumia, wodi tunaisikia kwa wenzetu. Lakini kuna miezi nazunguka maduka ya dawa Kariakoo naambiwa "imeisha, pita wiki ijayo". Vidonge tu hivyo, havina jeni wala nini!

Kwa hiyo kiwanja kiache. Muulize daktari kama binti anatumia haidroksiyurea, na kama dozi inaongezwa uzito unapopanda. Pia Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inapandikiza uloto kwa watoto wa siko seli tangu 2023. Wanatafuta ndugu ambaye uloto wake unalingana na wa mgonjwa, na kwa kila ndugu wa baba na mama mmoja uwezekano ni 1 kati ya 4. Binti ana wangapi wa tumbo moja?